Kamba Haikatiki Ghafla

Mchimbaji mdogo akianguka duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, iwe Nyamongo kule Tarime au huku kwetu Serengeti, maelezo huwa tayari kabla maiti haijafika mochwari. Kamba ilikatika ghafla. Halafu anainuka mwenye cheo, au mtangazaji, au jirani tu wa kijiweni, anaongeza la pili: wachimbaji wadogo wanatumia vifaa duni, hizi winchi za mkono zimepitwa na wakati, dawa ni kuwapatia mashine za kisasa. Wasikilizaji wanaafiki. Matanga yanaanuliwa, na kazi inaendelea kwa kamba ileile, ikiwa imeungwa pale ilipokatikia.

Maelezo hayo mawili nayakataa. Kamba haikatiki ghafla, na winchi ya mkono haiui watu kwa kuwa ni ya mkono. Kamba hutoa taarifa wiki nyingi kabla, mara nyingine miezi. Aliyepaswa kuisoma taarifa hiyo ama hakufundishwa kuisoma, ama hana kauli ya kusimamisha kazi, ama aliambiwa asubiri mawe yafike kwanza karashani kusagwa. Hapo ndipo pa kubishania. Tukiishia kuilaumu winchi tunakuwa tumemshtaki asiyeweza kujibu, na waliokuwa na la kujibu wanakwenda nyumbani kulala.

Nianze na kamba yenyewe, maana watu wengi wanaizungumzia bila kujua ilikotoka. Kamba ya waya ilizaliwa mgodini. Katika milima ya Harz kule Ujerumani, migodi ya fedha na risasi ilikuwa ikipandisha mawe kwa minyororo na kamba za katani. Katani ilioza kwa unyevu. Mnyororo nao ulikuwa na hila yake: pete moja ikichoka ndani kwa ndani, kwa nje huoni kitu, na siku ikiachia, mnyororo wote umekwisha. Mwaka 1834 ofisa mmoja wa migodi, Wilhelm Albert, alisuka nyuzi za chuma zikawa kamba na kuitia kazini kwenye mgodi wa Caroline, mjini Clausthal. Mzigo ukawa umegawanywa kwa nyuzi kadhaa. Uzi mmoja ukikatika, wenzake wanaendelea kubeba, na ncha ya uliokatika inachomoza nje ambako jicho linaiona na mkono unaigusa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kamba ya waya juu ya mnyororo: inatangulia kutoa habari. Karibu miaka 200 baadaye, bado tunaandika kwenye taarifa za ajali kwamba haikusema kitu.

Inasema, na kuisikiliza hakuhitaji shahada. Chukua kitambaa cha pamba, kishike kimelegea kuizunguka kamba, kiganja kikiwa mbali na ngoma na kapi, kisha mwenzako azungushe winchi polepole pasipo mzigo. Penye uzi uliokatika kitambaa kitanasa. Weka alama ya rangi mahali hapo, endelea. Ukimaliza, rudi kwenye alama uhesabu. Alama moja hapa na nyingine pima kumi mbele ni uchakavu wa kawaida wa kufuatilia. Alama tano zikisongamana kwenye urefu wa kiganja kimoja, kamba hiyo isimpandishe mtu tena. Kisha ikunje kidogo kwa mikono: likitoka vumbi jekundu kati ya misuko, kutu imeshaingia moyoni, na grisi unayopaka nje leo haifiki huko. Pima unene wake sehemu tatu au nne, ulinganishe na unene iliponunuliwa. Ikiwa imepungua kwa sehemu moja ya kumi, imekwisha hata kama inang'aa. Na ukiona mahali misuko imefunguka na kutuna kama kiota, au mahali iliwahi kujikunja ikanyooshwa kwa nyundo, usisubiri kuhesabu nyuzi.

Kazi hiyo yote inachukua muda wa kunywa chai. Vifaa vyake ni kitambaa, rangi na kipimo cha kubana. Sasa niambieni, mnaosema tatizo ni uduni wa vifaa, ni kifaa gani hapo ambacho mchimbaji wa Tarime hawezi kukipata?

Tuendelee kushuka mpaka kwenye ncha. Kamba nyingi za maduarani hazikatikii katikati. Zinaachia kwenye ndoano, pale zilipokunjwa na kubanwa kwa klempu. Klempu ina sehemu mbili: tandiko lenye mifereji, na bolti iliyopinda iliyo na nati mbili. Tandiko linatakiwa likae upande wa kamba inayobeba mzigo, na bolti iliyopinda ibane mkia uliorudishwa. Zikiwekwa sawasawa, klempu tatu zikipishana nafasi ya kutosha na nati zikikazwa upya baada ya mzigo wa kwanza, ncha hiyo hubaki na takriban asilimia 80 ya nguvu ya kamba. Zikiwekwa kinyume, bolti inaing'ata kamba inayofanya kazi, na nguvu inaweza kushuka hadi nusu ya hapo. Klempu ni zilezile, bei ileile, kilichogeuka ni upande tu. Wanaofunga fundo kwenye kamba ya waya kama vile wanafunga mbuzi nao wanaitupa nguvu yake kubwa palepale kwenye fundo.

Jambo jingine hulioni kwenye taarifa yoyote, ingawa kila mshika winchi analijua. Duara linazidi kwenda chini kila wiki, kamba hairefuki. Siku ya kwanza, ndoo ikiwa imetua chini, ngoma ilibaki na mizunguko minane ya kamba. Wanafuata mshipa wa dhahabu, wanateremka, mizunguko inabaki mitano, miwili, hatimaye nusu. Mizunguko ile ya ziada haikuwa mapambo. Ndiyo iliyokuwa ikibeba uzito kwa kuikumbatia ngoma, ili ile bolti ndogo inayoshikilia mkia wa kamba isivutwe. Ikiisha, uzito wote wa mtu na kiroba chake unaning'inia kwenye bolti moja ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mizunguko mitatu ndiyo ya chini kabisa kubaki kwenye ngoma. Ukiona imefika miwili, ama ununue kamba ndefu zaidi, ama duara lisimame. Asiyefanya mojawapo asije kutuambia habari za ghafla.

Kisha kuna ulimi. Ni kile kipande cha chuma kinachodondokea kwenye meno ya ngoma na kulia *ka, ka, ka* wakati ndoo inapanda. Hendeli ya sentimita 40 kwenye ngoma yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 inamwezesha mtu anayesukuma kilo 20 kuinua kilo 80, ukiacha zinazoliwa na msuguano. Faida hiyo hugeuka kuwa hasara papo hapo ulimi ukiteleza. Ndoo inashuka, hendeli inarudi nyuma kwa kasi, na aliyeko juu anavunjwa mkono au taya kabla hajaelewa kilichotokea. Ulimi haufi siku moja. Ncha yake huviringika kidogo kidogo mpaka badala ya kukaa shinani mwa jino inakaa ubavuni. Meno nayo huliwa upande mmoja tu, ule unaobeba. Springi ikipotea huwekwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ambacho kwa jua letu la Januari hakichukui muda kulegea.

Winchi moja ya namna hiyo niliiona Morotonga, hapa Mugumu, imeletwa kwa fundi wa kuchomelea ikiwa nyuma ya pikipiki. Meno manne yalikuwa yameshajazwa kwa weldingi zamani, yakasagwa kwa jiwe, yakaliwa tena. Ulimi ulishikwa kwa mpira. Hendeli ilikuwa imerefushwa kwa bomba ili vijana wasichoke. Fundi, mtu mzima wa kutosha kuwa baba wa yule kijana, aliizungusha mara mbili, akasikia mlio wake, akaiweka chini.

"Mura, haya meno nikiyajaza tena yatakuwa laini kama udongo. Ngoma hii inataka gurudumu jipya la meno."

"Mzee, mwenye duara amesema ujaze tu. Leo jioni kuna mzigo."

"Na anayeshuka ni nani?"

"Mimi."

Mzee hakuchomelea. Alimwambia kijana ampigie simu mwenye duara, na mwenye duara hakupokea. Winchi ikapakiwa tena kwenye pikipiki, ikapelekwa kwa fundi mwingine, maana mafundi wa kuchomelea si haba mjini kwetu.

Mazungumzo yale mafupi yana habari yote ya ajali za winchi. Anayeshuka anajua. Fundi anajua. Anayetoa fedha hayupo, na wala hashuki. Hapakukosekana maarifa wala chombo. Kilichokosekana ni mtu mmoja anayebeba yote mawili kwa pamoja, hatari na uamuzi.

Wasiojua maisha ya machimbo wanadhani mchimbaji ni mwajiriwa. Kwa kawaida siye. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, mara nyingi kuna mfadhili anayeleta chakula, baruti na dizeli, na kuna wachimbaji wenyewe. Mawe yakitoka, hugawanywa viroba kwa viroba kwa kadiri ya makubaliano. Katika mgao huo kila mmoja ana fungu lake isipokuwa winchi. Gharama ya kamba mpya humwangukia mwenye duara au mfadhili, ambaye kwake kamba ni hasara tupu mpaka dhahabu ionekane. Mchimbaji asiye na mshahara akisema "leo hatushuki", anajinyima mwenyewe na kuwanyima wenzake saba, na kesho nafasi yake inajazwa na kijana aliyefika jana kutoka Bunda. Mnamwita mzembe? Mzembe ni yule mwenye uwezo wa kuchagua akachagua vibaya.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inambebesha mwajiri jukumu la kuhakikisha mitambo na mpangilio wa kazi ni salama. Kanuni za usalama migodini za 2010 zipo. Ila sheria iliyojengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa ikifika kwenye duara la mgao inapotea njia: kila unayemuuliza anasema mwajiri ni yule mwingine. Mwenye leseni anasema amekodisha eneo. Mwenye duara anasema vijana wanajitegemea. Na hapa naomba tusikimbilie kumtaja mgeni. Watu wa Nyamongo wana madai mazito na ya miaka mingi dhidi ya mgodi mkubwa wa wageni ulioko kwao, na sina nia ya kuyapunguza. Lakini leseni ndogo ya uchimbaji, kwa Sheria ya Madini ya 2010, hupewa Mtanzania. Kamba mbovu iliyoko kwenye duara dogo ni ya ndugu yetu, jirani yetu, mtu tunayekaa naye kwenye vikao vya harusi.

Wapo wanaonijibu kwamba yote haya ni kupoteza muda, kwamba ikija winchi ya injini au ya umeme mjadala umekwisha. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ina ukweli wa kiasi: duara likizidi kina fulani mikono haitoshi, na mawe mengi hayawezi kupandishwa kwa jasho peke yake. Sina ugomvi na injini. Ugomvi wangu ni na imani kwamba injini inakuja na usalama wake ndani ya boksi.

Hebu tufikirie kinachotokea ndoo inaponasa kwenye matimba, zile mbao zinazoshikilia kuta za duara. Kwa winchi ya mkono, mshika winchi anausikia uzito ukibadilika viganjani mwake. Anasimama, anaita chini, anarudisha nusu mzunguko, ndoo inajiachia. Injini haina viganja. Inaendelea kuvuta mpaka kimojawapo kishindwe: kamba, matimba, au nguzo zilizoshikilia winchi yenyewe. Ili injini isimame inahitaji swichi ya kuizuia mzigo ukizidi, swichi nyingine ya kuizuia ndoo isigonge kapi, na breki inayojifunga umeme ukikatika, na umeme wetu tunaujua. Hivyo vyote navyo vinataka kupimwa, kusafishwa, kubadilishwa. Aliyeshindwa kubadilisha springi ya ulimi wa winchi ya mkono atazikagua swichi tatu kwa muujiza gani? Zaidi ya hapo, injini ya petroli ikiwekwa karibu na mdomo wa duara, moshi wake huweza kuzama chini waliko watu, na ndani ya moshi ule mna gesi ya sumu inayoua bila harufu yake ya kuwashtua.

Huku kwetu winchi za umeme tunazifahamu kwa sababu ya magari ya utalii. Masika yakishika, udongo mweusi wa njia za Fort Ikoma unameza Land Cruiser mpaka kwenye mlango, na winchi ya mbele ndiyo inayolitoa. Winchi ile ni nzuri kwa kazi yake. Lakini watengenezaji wake huandika wazi kwenye vitabu vyao kwamba isitumike kuinua watu, kwa kuwa breki yake imekusudiwa kukokota gari juu ya ardhi, wala haikusudiwi kushikilia binadamu hewani. Anayeifunga juu ya duara ana kifaa cha kisasa kweli. Na anayeshuka nacho yuko kwenye hatari kubwa kuliko aliye kwenye ngoma ya mkono yenye ulimi mzima.

Ukitaka kuona teknolojia ya zamani isiyoitwa duni, nenda Musoma kwenye mialo. Mitumbwi ya mbao yenye mkuku, ile ya namna iliyoenea kutoka visiwa vya Sesse kule Uganda, bado iko majini, mingine kwa tanga. Mbao zile hazidumu kwa sababu ni mpya. Zinadumu kwa sababu mwenye mtumbwi huupandisha nchi kavu, hutoa pamba iliyooza kwenye maungio, huukalafati upya, hubadilisha ubao uliochoka, na asipofanya hivyo wavuvi hawapandi. Ninaposema hawapandi namaanisha hivyo: mvuvi anauona uvujaji kwa macho kabla hajatoka pwani ya ziwa, na wapo wenye vyombo ambao nao wamo humohumo. Hapo anayeamua na anayezama ni mtu mmoja.

Hata mashua za starehe za Ulaya zinatuaibisha katika hili. Zipo mashua ndogo za tanga ambazo mkuku wake wa chuma, wenye uzito wa mamia ya kilo, hupandishwa na kuteremshwa kwa winchi ya mkono ili ziweze kuingia kwenye maji mafupi. Ni ngoma, ulimi, breki na kamba ya waya, kama zetu. Mwenye mashua anayejali hukagua kamba yake kila msimu na kuibadilisha kabla haijafika mwisho, kwa sababu anajua mkuku ukidondoka utapasua sakafu ya chombo. Anafanya hivyo kwa ajili ya kipande cha chuma. Hakuna anayemwambia winchi yake imepitwa na wakati kwa kuwa inazungushwa kwa mkono.

Breki za winchi hizo nazitaja kwa kusudi, kwa kuwa zimeanza kuonekana kwenye maduara, na kosa linalofanyika juu yake linatokana na nia njema. Ndani yake kuna visahani vinavyobanana. Ukizungusha kupandisha, vinashikana. Ukiachia hendeli, uzito wa mzigo wenyewe unavikaza zaidi, mzigo unabaki palepale. Sasa anakuja mtu aliyeambiwa kwenye semina ya siku moja kwamba "matunzo ni grisi", anafungua na kupaka kila kitu mpaka visahani. Kuanzia hapo breki haishiki. Grisi ni ya meno, ya bushi na beringi. Visahani vinatakiwa vikavu na visafi, na vikishang'aa kama kioo visuguliwe kwa msasa au vibadilishwe. Kamba nayo ipakwe mafuta mepesi yanayopenya, baada ya kupigwa brashi ya waya kuondoa tope. Grisi nzito ikipakwa juu ya tope hufungia unyevu ndani.

Kuna pia hoja ya tatu, husemwa kwa sauti ya chini: kwamba dhahabu inadai damu, kwamba palipotoka mshipa mkubwa lazima mtu aende. Sitaidharau imani ya mtu. Lakini nawaomba wazee wanaoishikilia waangalie ni nani hasa anayedaiwa. Mbona deni hilo halimfikii kamwe mwenye duara aliyekaa Mugumu mjini, linamfikia kijana aliyening'inia kwenye klempu iliyogeuzwa? Maelezo ya kafara yana faida moja tu, na faida hiyo ni ya yule aliyekataa kununua kamba.

Taifa letu hukumbuka machimbo pale ardhi inapoporomoka. Novemba 2015 nchi nzima ilisimama kuwashangilia wachimbaji watano waliotolewa hai kwenye mgodi wa Nyangalata, Shinyanga, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Ilistahili. Ila winchi haiui watu ishirini kwa mpigo. Inachukua mmoja leo, inavunja mgongo wa mwingine baada ya mavuno, na kwa kuwa ni mmojammoja hapatangazwi maombolezo wala haiundwi tume. Ndiyo maana neno la "ghafla" limedumu: hakuna aliyewahi kulikagua.

Wataniambia kamba ni ghali. Ni ghali kwa anayeinunua kwa mkupuo siku ambayo ya zamani imeshakatika. Kwa nini winchi isiwe na fungu lake kwenye mgao? Kila mzigo ukigawanywa, kiroba kimoja kitengwe kabla ya mwenye leseni, kabla ya mfadhili, kabla ya wote, kiuzwe na fedha zake zishikwe na mtu atakayechaguliwa na wanaoshuka. Fedha hiyo isiguswe kwa chakula wala kwa msiba. Ikitosha kamba inunuliwe, ikitosha gurudumu la meno linunuliwe. Mfadhili atalalamika mwezi wa kwanza. Mwezi wa sita atakuwa ameacha kulipia majeneza na ng'ombe wa suluhu kwa familia za watu.

Pamoja na fungu hilo, mshika winchi apewe hadhi. Hivi sasa mara nyingi ni kazi ya mgonjwa, mtoto au mgeni, kwa sababu inaonekana nyepesi. Awe mtu mmoja anayejulikana, mwenye daftari la mistari miwili kila asubuhi: kamba imekaguliwa, ulimi na breki vimekaguliwa. Asiposaini, hakuna anayeshuka. Na anayeshuka awe na neno la mwisho, akikataa asihesabiwe ametoroka mgao. Ofisa wa Tume ya Madini akifika, kabla ya kuuliza leseni aulize hilo daftari. Litamwambia habari za duara kuliko karatasi nyingine yoyote.

Hata hivyo mtu asitundikwe kwenye kitu kimoja. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa, akaamuru kamba yake ikatwe mbele ya umati, na jukwaa likakamatwa na meno ya pembeni. Otis hakuahidi kamba isiyokatika. Alichukulia kwamba itakatika, akajipanga. Kwetu inatosha kamba ya pili, imefungwa kwenye nguzo nyingine mbali na winchi, inashikwa na mtu mwingine, na upande wa pili iko kwenye mkanda wa kifuani wa anayeshuka. Ile ya plastiki tunayoiita manila inafaa kwa kazi hii ikiwa mpya na ikihifadhiwa kivulini, kwa kuwa jua huila. Iliyokaa miezi juani ikaanza kutoa unga ukiipapasa ifungiwe mbuzi.

Limebaki suala la kamba iliyokataliwa. Hivi sasa kamba ikishindwa kwenye duara la mwenye uwezo, haiishi. Inauzwa kwa bei ya kutupa kwa duara la mwenye uwezo mdogo, na ikishindwa huko nako, inaishia kwenye kisima cha nyumba fulani hapa mjini, ambako fundi wa kuchimba ataishukia akidhani ni nzima kwa kuwa imepakwa grisi. Kwa hiyo siku kamba inapoandikwa kwenye daftari kuwa imekwisha, ikatwe kwa tindo vipande vya futi tatutatu, mbele ya wote wanaoshuka na mwenye duara akiwepo, na vipande hivyo vipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu siku hiyohiyo.